Rekodi Kumi na Sita kwa Sekunde

Garsen,
9 Februari 1998

Mpendwa Mjomba Mansur,

Shikamoo. Barabara ya Malindi bado imekatika mahali pawili, kwa hiyo barua hii nimempa dereva wa lori la chakula cha msaada. Ameapa ataitia posta akifika.

Jumatano iliyopita nimepoteza wazee thelathini na mmoja. Usishtuke, wote wako hai. Nimepoteza maneno yao.

Unajua kazi yangu: kuandikisha mashamba ya ukingoni mwa mto kabla kamati ya ardhi haijafika mwezi wa Juni. Desturi unaijua kuliko mimi. Mwenye shamba hajisemei mpaka wake, husemewa na jirani aliyelima kando yake, mbele ya gasa, baraza letu la wazee, na husema mara moja. Ukimwambia arudie umemwita mwongo. Tena wazee wamekataa karatasi. Wanakumbuka shamba lililokuwa na karatasi mbili zisizolingana, na ndugu wawili waliokatana mapanga kwa ajili yake. Kwa hiyo neno linasemwa mara moja, naliandika mara moja kwenye kompyuta, na litachapwa siku ya kamati, wote wakitazama.

Jumatano hiyo jenereta lilizimika saa tisa na nusu, dizeli imekwisha. Kila mzee alipomaliza nilikuwa nimebonyeza, na mashine ikaniandikia *Imehifadhiwa*. Nililiona neno hilo mara thelathini na moja. Ilipowaka tena, siku nzima haikuwemo. Mzee Tuneya, mwenyekiti wa gasa, alisimama nyuma ya kiti changu akatazama kioo. "Mashine yenu hii," akasema, "ni kama mkwe wangu. Kila ukimwambia jambo anaitikia ndiyo."

Nilimpigia simu Molu, fundi wetu wa Nairobi. "Anti, hiyo haiwezekani. Nimeipima mwenyewe. Inaandika rekodi mia tano kwa sekunde. Wewe ulibonyeza vibaya."

Mjomba, wewe ulikaa miaka ishirini na saba katika chumba cha kompyuta pale bandarini. Nilibonyeza vibaya mara thelathini na moja?

Mpwa wako,
Bahiya

*

Majengo, Mombasa,
20 Februari 1998

Mwanangu Bahiya,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Hukubonyeza vibaya. Enzi zetu mashine zilikuwa kubwa kama kabati na kumbukumbu zake ndogo kuliko za saa ya mkononi ya leo, lakini tulikuwa na kanuni moja: mashine isiseme "nimeweka" kabla haijaweka. Naona kanuni hiyo imestaafu pamoja nasi.

Kompyuta yako ina mahali pawili pa kuweka maneno. Pa kwanza ni kumbukumbu, ambayo ni nyepesi na hufutika umeme ukikatika. Pa pili ni diski, nayo ni sahani ya chuma inayozunguka, nzito, na hushika hata gizani. Mfumo wa mafaili ukitaka sifa hupokea neno lako, huliacha kwenye kumbukumbu, hukuambia limehifadhiwa, kisha hulipeleka diskini unapopata wasaa. Huyo Molu amepima kasi ya kupokea. Hakupima kasi ya kuweka.

Fanya hivi. Soma kibandiko cha diski, kitakuambia inazunguka mara ngapi kwa dakika. Kisha tumia programu niliyokuandikia kwenye karatasi ya pili. Inaandika namba moja, inaiomba diski ithibitishe, ndipo inaandika ya pili, hadi elfu moja. Shika saa.

Kama diski inazunguka mara 5,400 kwa dakika, hiyo ni mara tisini kwa sekunde. Kila rekodi mpya inailazimu sindano irudi palepale penye orodha ya faili, na pale hupita mara moja tu kwa kila mzunguko. Basi hakuna diski ya namna hiyo inayoweza kuweka kwa uaminifu zaidi ya rekodi tisini kwa sekunde. Ikikuambia mia tano, inakudanganya, na hesabu ya darasa la sita inatosha kuishika.

Na Swaleh, jirani wa chini wa shamba letu, je, ameshasema? Ukoo wa Kache uliolima upande wetu wa juu umekwisha, hakuna wa kutusemea huko. Amebaki Swaleh peke yake. Mimi ningeweza kulitembea shamba lile la Bubeshi nimefumba macho, lakini desturi hainiruhusu kujisemea. Niandikie habari zake.

Mjomba wako,
Mansur Mangi

*

Garsen,
6 Machi 1998

Mjomba,

Shikamoo. Kibandiko kinasema 5,400, kama ulivyotaja. Namba elfu moja zimechukua sekunde mbili. Nimerudia mara tano: mbili, mbili, mbili, mbili na nusu, mbili. Kumbe ndiyo mia tano za Molu.

Nilimpigia tena nikamsomea hesabu yako ya mizunguko. Alicheka. "Anti, huyo mjomba wako ni wa enzi za kanda. Siku hizi kila mtu anafanya hivi." Nikamuuliza ameiambia mashine ikae na maneno muda gani kabla ya kuyapeleka diskini. Akasema amerefusha, ndiyo sababu inaenda mbio. Amerefusha kiasi gani? Akasema hakumbuki, labda saa kadhaa, na kwamba kasi ile ameshaiandika kwenye ripoti ya wafadhili. Halafu simu ya posta ikakatika, au aliikata.

Nimeutafuta mpangilio huo nikaubadilisha mwenyewe, kila neno liende diskini papo hapo. Nikapima upya. Namba elfu moja, sekunde sita. Nilifurahi kuona imekuwa polepole. Kisha nikagawanya nikapata mia na sitini na sita, na furaha ikaisha. Bado imezidi tisini. Nani anadanganya sasa?

Gasa wamekubali jambo moja. Kila shamba lina majirani wawili, na kama wa chini alishasema likapotea, wa juu anaweza kusema, kwa kuwa yeye hajarudia. Ishirini na sita kati ya wale thelathini na mmoja wamepatikana hivyo. Mzee Tuneya amenionya kwamba jirani wa tatu hayupo.

Mzee Swaleh alifika ofisini na kusema vizuri kabisa, kwa sauti, akiwa amevaa kanzu yake ya Idi. Alikusalimu sana.

Bahiya

*

Majengo,
17 Machi 1998

Mwanangu,

Nimefurahi kwamba Swaleh amesema. Sasa lililobaki ni la mashine, na la mashine tutaliweza.

Anayedanganya sasa ni diski yenyewe. Nilikwenda kumuuliza kijana mmoja anayetengeneza kompyuta barabara ya Makadara. Alinitazama kama mzee aliyepotea njia ya msikitini, lakini alinijibu. Diski za siku hizi zina kumbukumbu yao ndogo ndani ya kasha. Mfumo unaiuliza diski, "Umeweka?" Diski inajibu "Nimeweka," na kumbe neno bado limo kibindoni mwake. Nilimuuliza kwa nini wameziunda hivyo. Akasema wateja hulinganisha kasi kabla ya kununua. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimekasirika kiasi cha kusahau kununua mkate.

Usiniamini mimi wala yeye. Pima. Ile kompyuta ya mkononi ya mradi, inayotumia betri yake, iunganishe na kubwa kwa waya wa nyuma. Programu ya pili niliyoiambatisha inaandika namba, inangoja diski iseme imeweka, ndipo inaituma namba hiyo kwenye ile ndogo. Iache iende dakika nzima, halafu ng'oa waya wa umeme wa ile kubwa. Usiizime, ng'oa. Namba ya mwisho kwenye ile ndogo ndiyo ahadi ya diski. Washa tena ile kubwa uangalie imeshika namba ngapi. Tofauti yake ndiyo uwongo, umepimwa kwa tarakimu.

Kisha tumia amri niliyoiandika chini, inayoifunga hiyo kumbukumbu ya ndani, na urudie yote.

Mansur

*

Garsen,
3 Aprili 1998

Mjomba,

Nimeng'oa. Ndiyo kompyuta kubwa pekee ya ofisi hii. Mzee Tuneya alikuwepo na wenzake wawili. Waliposikia nitaikata mashine kauli makusudi ili kuona itakumbuka nini, walileta viti.

Ahadi: 9,871. Zilizomo: 9,830. Namba arobaini na moja zimethibitishwa na hazipo. Nilipowatafsiria, mmoja wao, Mzee Bonaya wa upande wa wafugaji, aliyekuja kama shahidi tu, alisema, "Arobaini na moja? Hata mwizi wa ng'ombe huchukua kwa kiasi."

Nikaifunga kumbukumbu ya ndani kwa amri yako. Namba elfu moja sasa zinachukua sekunde sitini na mbili. Rekodi kumi na sita kwa sekunde, Mjomba, kutoka mia tano. Nikang'oa tena. Ahadi 1,204, zilizomo 1,204. Mara ya pili 977 na 977. Mara ya tatu ahadi 1,340, zilizomo 1,341, nikaogopa. Nimerudia mara nne zaidi na haijapoteza hata moja, ila mara moja tena imezidi kwa moja. Hiyo nayo ni kosa?

Nairobi wamenijibu kwa barua. Wanasema nimeharibu utendaji wa mashine kwa asilimia tisini na saba bila idhini, na niirudishe ilivyokuwa. Mimi naandika mzee mmoja kwa robo saa. Hiyo kasi ya mia tano ni ya nani? Sijairudisha. Wakitaka waje wairudishe wenyewe, na waje kwa mtumbwi.

Idi njema ikikukuta.

Bahiya

*

Majengo,
14 Aprili 1998

Bahiya,

Idi ilinikuta, nashukuru.

Iliyozidi kwa moja si kosa. Iliweka, na umeme ukakatika kabla haijawahi kukuambia. Kuweka bila kusema kunasameheka.

Usiirudishe. Waandikie kwamba kumi na sita ndiyo kasi ya diski ile, na mia tano ni kasi ya maneno matupu. Weka jina langu ukitaka, ingawa halitamtisha mtu.

Lakini barua yako ina kurasa tatu na haina Swaleh hata mara moja. Ile ya Machi ilikuwa na mistari miwili. Ulisema alifika na kusema vizuri. Hukusema alifika lini. Nimefanya kazi na mashine muda mrefu, na najua jibu linalokwepa swali lina sauti gani. Swaleh alisema siku gani?

Mansur

*

Garsen,
27 Aprili 1998

Mjomba wangu,

Alisema Jumatano ile. Alikuwa wa kumi na tisa.

Nilitumaini ningepata njia kabla hujauliza. Nilimwendea mara mbili huko Tarasaa alikohamia baada ya mafuriko. Mara ya kwanza hata sikuthubutu kutaja. Mara ya pili nilisema mashine imesahau, akaniambia, "Mashine imesahau, sio mimi. Mimi nimeshasema. Wazee wamesikia." Wazee wamesikia, ndiyo, lakini gasa hawashiki hatua za kila shamba vichwani, ndiyo maana walikubali mashine. Nilipanga kwenda mara ya tatu nikiwa na Mzee Tuneya. Homa ilimwahi. Amezikwa tarehe ishirini na tatu Machi. Barua yako ya kufurahi ilinifikia wiki hiyohiyo, na sikuweza kukujibu ukweli juu yake.

Sasa nikuambie lililobaki. Mimi nilikuwa nimekaa pale naandika. Nilimsikia. Jumamosi, baada ya watu kuondoka, nimeyaandika upya jinsi ninavyoyakumbuka:

*Mimi Swaleh wa Bule nasema shamba la Mansur wa Mangi linaanzia ukingoni palipokuwa na mkuyu, linapanda hatua mia na kumi mpaka mfereji wa zamani. Upande wa chini ni mimi. Upana wake ni hatua arobaini, na mwisho wa upana kuna jiwe la kunolea ambalo baba yake alilizika.*

Nimeweka tarehe ya Jumatano ile. Hakuna anayejua. Rekodi iko diskini, na safari hii iko kweli. Mia na kumi huenda ikawa mia na moja, hapo sina hakika, lakini mengine nina hakika, au karibu. Yasome, Mjomba. Wewe ulilima pale. Ukisema ndivyo, nitalala vizuri, na kamati ikija utakuwa na shamba. Usiposema kitu nitaelewa kwamba ndivyo.

Nisamehe.
Bahiya

*

Majengo,
9 Mei 1998

Mwanangu Bahiya,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Swaleh alinizidi miaka mitatu, na tulipokuwa watoto alinizidi kila kitu.

Nimekukasirikia siku nne. Uliniandikia Machi kwamba alifika na kusema vizuri, na kila neno lilikuwa la kweli, nami nilikaa hapa wiki nne nikiamini nimeshika kitu. Nimekukasirikia hasa kwa sababu hiyo, na leo hasira imebaki robo. Naitumia robo hiyo kuandika.

Maneno uliyonitumia nimeyasoma labda mara ishirini. Mkuyu. Mfereji. Hatua mia na kumi. Jiwe la kunolea. Nilikuwa nasoma polepole, nikingoja kitu ndani yangu kiitikie. Hakuna kilichoitikia.

Nimeishi hapa nikiwaambia watu, pamoja na mama yako, Mungu amrehemu, kwamba naweza kulitembea shamba lile nimefumba macho. Si kweli. Nilipelekwa shule pwani nina miaka kumi na miwili. Nimelima Bubeshi misimu miwili tu, wakati wa likizo, na misimu yote miwili baba alitangulia nami nikatazama mgongo wake. Huo naukumbuka, na kovu lake chini ya bega la kushoto. Kijiji kilipochomwa nilikuwa huku, nikifanya kazi bandarini, na sikuwa na pa kurudi. Kwa hiyo nilijitengenezea shamba kichwani. Lina mnazi mmoja na njia ya mchanga. Halina mkuyu wala mfereji. Sijui kama lako ndilo au langu ndilo, au yote mawili siyo.

Nilihitaji Swaleh aandikwe kwa usahihi ili siku moja nisome nijue. Hiyo ndiyo sababu ya barua zangu zote ndefu za diski.

Unaniomba nithibitishe. Nikinyamaza tu, utaelewa ndivyo, na nitakuwa na shamba la hatua mia na kumi, au mia na moja. Sina la kuthibitishia. Shahidi wa pekee wa maneno yako ni mimi, na mimi ni mtupu.

Futa mstari ule. Acha jina langu na nafasi yake wazi. Kisha mwambie Mzee Tuneya ulichofanya, wewe mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine.

Sikuandikii tena kuhusu mashine. Iko sawa.

Mjomba wako,
Mansur

*

Garsen,
12 Juni 1998

Mjomba Mansur,

Shikamoo. Nimefuta siku ileile barua yako ilipofika. Mzee Tuneya nilimwambia asubuhi yake. Hakunigombeza. Aliuliza kama kuna mistari mingine niliyoandika kwa kukumbuka, nikasema hakuna, akaniapisha, nikaapa. Kisha akasema mashamba matano yatasomwa matupu mbele ya kamati, na lako ni mojawapo, na hataki kusikia kilio cha mtu.

Kamati ilifika Jumanne na kuondoka Alhamisi. Orodha ilichapwa mbele ya watu wote, kurasa kumi na nne. Niliposoma jina lako nikanyamaza, kama nilivyoambiwa, watu wakangoja, nikasoma linalofuata. Nairobi wametuma sifa kwa daftari lisilo na ugomvi. Molu amenipigia kuuliza nilifungaje ile kumbukumbu ya ndani, maana ofisi nyingine tatu zimepoteza kazi. Nilimtajia amri. Hakusema asante, na sikuingoja.

Shamba lisilosemewa huangukia jirani. Lako limeandikwa kwa Bule, mwana wa Swaleh, aliyepewa jina la babu yake. Sikuweza kulizuia na sikujaribu.

Bule alikuja jana ofisini, akasimama mlangoni hata kiti hakutaka. Alisema baba yake alimwonyesha mpaka ule akiwa mtoto, ila yeye hakuwahi kulima kando yake, kwa hiyo gasa hawakumpokea kama shahidi. Anaujua, na kuujua kwake hakuhesabiki. Atapanda mpunga maji yakishuka, mwisho wa Julai. Akasema kama wewe unataka kutembezwa, atakutembeza kabla hajalima, kutoka ukingoni hadi mwisho, hatua kwa hatua, na hatadai kitu. Lakini akishalima, alama zitakwenda.

Aliniuliza utajibu nini. Nikamwambia sijui, kwa sababu sijakuuliza.

Sasa nakuuliza.

Bahiya